Sweta Jekundu Chini ya Maji

Kifungilo, Lushoto
11 Februari 2024

Mwanangu Fanueli,

Pokea salamu za huku juu. Zitakuwa zimepoa njiani, lakini zilitoka zikiwa moto. Sisi wazima, ila mafua yanazunguka nyumba kama jirani mdaku. Ng'ombe amezaa, tena dume mlafi wa kunyonya, basi maziwa tutayaonja tu. Ule mti wa matunda damu aliopanda Paskali nyuma ya jiko umezaa mwaka huu mpaka tawi moja limekatika kwa uzito. Secilia anachuma anapeleka soko la Lushoto, mimi nakula yale yaliyopasuka. Mkwe wangu huyo anakusalimu sana. Amekonda. Ukimwuliza atakwambia ni baridi.

Najua utacheka kwamba shangazi yako anaandika barua na ndani mna simu. Cheka tu. Simu ya nyumba hii ina masikio mengi mno. Nikisema neno asubuhi jikoni, kufika jioni shemeji yangu Zabron ananijibu kutoka kwake bondeni. Na masista walinichapa vya kutosha ili nijue kuandika, sitaki viboko vile viende bure. Barua hii nampa kondakta wa basi la Tanga, atakutafutia mtu wa Pangani.

Sasa lililonikalisha na kalamu. Mwaka umepita tangu boti lile la mizigo lizame nje ya Pangani na matenga ya mboga ya watu wa huku, kaka yako Paskali akiwa anayasindikiza kwenda Unguja. Wenzake waliokotwa, wengine wazima, wengine maiti. Yeye hakuokotwa kwa namna yoyote. Hayo unayajua. Usilolijua ni kwamba mtu mmoja wa Soni anaapa alimwona stendi ya Tanga wiki ile ile, boti likiwa limeshazama, akinunua maandazi. Zabron hataki kulisikia hilo. Anataka tuzike mgomba, kama wazee walivyomzika mtu asiyeonekana mwili wake, tuondoe matanga, na Secilia arudi kwao Bulwa akiwa mjane anayeeleweka. Sasa hivi si mke wala si mjane. Hata kanisani hajui akae na akina nani.

Mimi nimekataa. Nizike mgomba, halafu Krismasi mwanangu asimame mlangoni, nimwambie nini?

Secilia ameniambia kazi yako ya kupiga picha matumbawe imehamia Pangani. Basi shuka ukatazame. Siku ile alivaa sweta nililomfumia mwenyewe, jekundu, wekundu wa tunda damu lililoiva likataka kupasuka. Nilimwambia upepo wa baharini si wa kuchezea, asilivue mpaka afike. Kama limo ndani ya boti, niambie limo. Kama halimo, niambie halimo. Maneno mengine kaa nayo.

Shangazi yako,
Beatha

*

Pangani
7 Aprili 2024

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Shikamoo tena, kwa sababu ya kuchelewa. Barua yako ilikaa kwa kondakta, ikakaa kwa muuza samaki, ikanifikia inanuka ng'onda. Nafurahi kusikia ng'ombe amezaa. Mimi niko salama. Nimenenepa. Kiongozi wetu wa kazi, dada mmoja wa Tanga anaitwa Halima, haamini chakula kisicho na nazi, hata chai nadhani angeitia. Joto la huku linanifanya niote maharage yako na ule moshi wa jikoni. Miaka ile niliyokaa kwako nikisoma, nilikuwa nadhani dunia nzima ina ukungu asubuhi.

Kazi yetu ni kupiga picha matumbawe, sehemu ile ile kila baada ya miezi, ili ijulikane yapi yanapona na yapi yanakufa. Tunakaa chini kidogo tu, hewa ya mtungi ikikaribia kwisha tunapanda.

Nilimweleza Halima, akakubali bila maswali. Wiki ya Pasaka tukashuka kwenye lile boti. Limelala upande, mita ishirini na kitu. Matenga yamo bado, mengine yamefumuka, samaki wadogo wanaingia na kutoka kama kuku kwenye banda. Kuna magunia, kuna jiko la mkaa, kuna nguo nyeusi imenasa kwenye kamba nyuma ya matenga. Nilitazama kote.

Shangazi, sikuona kitu chekundu.

Nakutumia picha niliyopiga, nimeisafisha kwa karatasi nzuri ili usiseme nimekuandikia maneno matupu. Nisalimie Secilia. Mwambie ale.

Mwanao,
Fanueli

*

Kifungilo
2 Mei 2024

Fanueli mwanangu, mwana wa kaka yangu,

Ubarikiwe mpaka wajukuu wako. Mvua imeikata barabara ya Mombo, udongo umeshuka na miti yake, kwa hiyo barua yako ilipanda mlima kwa bodaboda ikiwa ndani ya mfuko wa mbolea. Ilifika. Nilipiga kigelegele mpaka jirani akaja mbio akidhani Secilia amejifungua. Nikamwuliza, na kwa nani?

Picha nimeiweka sebuleni chini ya Bikira Maria. Zabron nimemwambia mgomba wake akaukatie ng'ombe. Na wazazi wa Secilia walikuwa wamekuja kutoka Bulwa, wamembebea mtoto wao kitenge cheusi tayari. Niliwapa chai, nikawapa na kitenge chao. Nikawaambia mtoto wenu ana mume, hana msiba. Secilia alikuwa amesimama mlangoni. Akageuka, akaenda kuchanja kuni.

Hayo ndiyo ya furaha. Sasa nikwambie jambo, nalo likae kwako.

Tangu picha iingie ndani, kiti cha Paskali pale jikoni kinalowa. Asubuhi nakikuta kina maji pale pa kukalia. Nilimpandisha fundi juu ya paa, hakuona tundu. Paka hatuna. Siku moja nikachovya kidole nikaonja. Ni chumvi, mwanangu. Maji ya mvua ya Usambara tangu lini yakawa na chumvi?

Na dirisha linagongwa. Unakumbuka alivyokuwa akigonga akichelewa kurudi: mara mbili, kimya, halafu mara moja. Linagongwa hivyo hivyo. Nafungua, ni ukungu na mti wa matunda damu. Siku hizi mlango siutii komeo, nani ajuaye. Secilia naye anasikia, namwona anavyoacha kutafuna. Lakini tukikutana macho tunaulizana habari za maharage.

Padri alipouliza mbona haufungwi, nimemwambia mlango hauna kitasa kizuri. Sijamwambia mengine.

La mwisho, dogo tu. Kwenye picha kuna mkono wa mwenzako ameshika kamba, nadhani ni huyo Halima. Mkono ule una rangi ya maiti. Nimeosha maiti wengi wa kijiji hiki, rangi hiyo naijua hata gizani. Je, dada huyo anaumwa? Au huko chini watu wote wako hivyo?

Nijibu hilo.

Shangazi yako,
Beatha

*

Pangani
19 Agosti 2024

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barabara imetengenezwa na ndama amekua. Halima ni mzima kabisa, nimemsomea ulivyouliza, amecheka mpaka akakaa chini, kisha hakucheka tena. Anakusalimu. Anasema umeona kitu ambacho yeye huwafundisha watu kwa wiki nzima.

Ningesema nimechelewa kwa sababu bahari imechafuka tangu Juni. Imechafuka kweli. Lakini barua yako imekaa chini ya godoro langu tangu Mei, nami nimeilalia kila siku.

Umeuliza kama huko chini watu wote wako hivyo. Ndiyo, Shangazi. Wote. Maji yanakula rangi. Mwanga wa jua ukishuka majini unapungukiwa, na cha kwanza kuliwa ni wekundu. Kisha rangi ya chungwa, kisha manjano. Ukifika kule lilikolala boti, wekundu umeshakwisha wote, imebaki buluu na kijivu chake. Mara yangu ya kwanza kushuka kina kile nilijikata kidole kwenye tumbawe. Damu yangu ilitoka ya kijani. Nilidhani nimekufa. Halima alinishika bega akanionyesha kidole chake kwenye kinywa, maana yake tulia, pumua.

Sisi tunaopiga picha tunairudisha rangi kwa njia mbili. Ya kwanza ni kushuka na taa. Taa inabeba wekundu wake yenyewe, ukimulika kitu kwa karibu kinakuwa kilivyo. Ya pili ni bila taa. Karibu na juu, ambako wekundu haujaisha, unaionyesha kamera kibao cheupe, unaiambia hiki ndicho cheupe, nayo inapima zilizobaki na kuzipandisha. Au unafanya hivyo baadaye kwa kompyuta. Lakini kule chini kabisa kompyuta haina cha kupandisha. Itaweka rangi unayoiambia iweke. Nikitaka naweza kukupa kabeji nyekundu.

Nadhani umeshafika ninakokwenda, wewe huwa unafika kabla ya msemaji. Nilipoandika kwamba sikuona chekundu sikudanganya. Pale hakuna chekundu cha mtu yeyote. Na ile nguo nyeusi siyo lazima iwe nyeusi. Ina mikono.

Taa nilikuwa nayo, Shangazi. Niliposogea nyuma ya matenga, mkono mmoja wa ile nguo ukainuka, polepole, kama mwanafunzi anayetaka kuuliza. Ni mkondo wa maji, najua. Niliizima taa. Nikapiga picha bila taa, kisha nikasikia mtungi ukigongwa. Wazamiaji huitana kwa kugonga mtungi. Mara mbili, kimya, mara moja. Niligeuka. Halima alikuwa ameshatoka nje ya boti, mikono yote miwili ameshika kamba ya kupandia. Nilimwuliza tulipofika juu, akasema hakugonga kitu. Barua yako ya dirisha ilikuja baada ya hapo, ndiyo maana nikailalia.

Ukitaka, ibaki kama ilivyo. Nguo nyeusi ni nguo nyeusi. Mimi sitamwambia mtu.

Mwanao,
Fanueli

*

Kifungilo
3 Septemba 2024

Fanueli,

Leo salamu utazikuta mwisho.

Kwa hiyo ulikuwa na taa mkononi ukaizima. Nilikulisha miaka minne, nikakuogesha ulipougua tetekuwanga, ukaja kunigawia ukweli kama sukari ya wakati wa vita. Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu, na yako imeishia kwenye mkono wa Halima. Nimewafukuza watu wa Bulwa kwa neno lako. Nimemrudisha mtoto wa watu jikoni kwangu kupakua sahani ya mtu asiyekuja.

Basi, nimeshafoka. Sasa nikae chini.

Nisikubebeshe peke yako. Uzi mwekundu ulinipungukia wakati nafuma lile sweta. Nilikuwa nimebakiza mkono wa kushoto, na duka lilikuwa halina tena uzi ule. Nikamalizia ukingo kwa uzi mweupe. Paskali alinitania kwamba nimemfumia sweta lenye soksi. Kwenye picha yako mkono ule unaonekana, na ukingo wake una buluu nyepesi kuliko kitu kingine chochote humo ndani, nao ni mweupe. Niliuona siku ile ile, kabla ya kigelegele. Halafu nikapiga kigelegele.

Barua yako niliiacha mezani makusudi Secilia aisome, maana mdomo wangu ulikataa. Alisoma akiwa amesimama. Akasema neno moja tu: "Mama, nimechoka kupakua sahani ya tatu." Hakulia. Hajawahi kunijibu vibaya mtoto huyu, na hata hilo halikuwa baya. Nimemtazama jioni ile nikaona nimemkalisha kwenye mlango mwaka mzima, haingii wala hatoki.

Zabron naye amekuja na akili yake. Anasema Fanueli atie wekundu kwa kompyuta, picha iwe nyekundu, tumwonyeshe padri, ukoo uridhike, yaishe. Nimemwambia hapana. Rangi ya kompyuta ni ya yule anayeitaka. Mimi niliitaka nyeusi, nikaipata, na umeona imenifikisha wapi.

Sasa sikiliza. Sweta ni lake. Hilo nimelimeza. Lakini mtu anaweza kuvua sweta akaogelea. Pale kwenye kidimbwi cha mtoni Paskali alikuwa anaelea vizuri, wewe ulikuwa shahidi. Na yule wa Soni bado anaapa, tena kwa jina la mama yake. Sweta lile lina vifungo mbele, nilivitoa kwenye koti la marehemu baba yake. Mtu akivua sweta ili ajiokoe hakai kulifunga tena vifungo. Kama viko wazi, nitaendelea kuacha mlango wangu bila komeo hata Zabron akinuna mpaka kaburini. Kama vimefungwa, basi hakutoka humo.

Shuka na taa yako. Vitazame vifungo. Kisha usiniandikie ulichokiona, kwa maana sitakuamini tena kwa karatasi. Lilete sweta lenyewe.

Kiti bado kinalowa. Nimeacha kukipangusa.

Pokea salamu. Secilia anakusalimu. Nami pia nakusalimu, ingawa nimekasirika.

Beatha

*

Pangani
10 Novemba 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nimeipokea hasira yako yote na nimeinyamazia. Habari za huku ni nzuri, bahari imetulia na imekuwa safi, mtu akiangusha sindano unaiona ikizama. Nimepungua mwili. Halima anasema sasa nafanana na mtu.

Tumeshuka jana. Niliogopa tangu juzi, sitakuficha. Halima alisema kitu cha mtu aliyebaki majini hakipandishwi kama gunia. Mashua yetu ilipofika juu ya boti lile aliinua mikono akamsomea Fatiha, mimi nikafanya ishara ya msalaba, nahodha akazima injini bila kuambiwa. Tukaingia.

Nilipofika nyuma ya matenga niliwasha taa. Shangazi, uliandika wekundu wa tunda damu lililoiva. Kila kitu kilikuwa kijivu, matenga, magunia, mikono yangu mwenyewe, halafu ghafla ukatokea wekundu ule mbele yangu, na ukingo mweupe wa kushoto. Nilipiga kelele ndani ya mpira wa hewa. Limeota ukoga begani na kwenye kola, lakini uzi haukuoza, ni uzi wa dukani, si sufu ya kondoo. Mkono haukuinuka safari hii. Mtungi haukugongwa. Nilisikia pumzi yangu tu.

Ndani ya sweta hamna kitu. Hilo nakuandikia kwa sababu najua utaliogopa kabla hujafungua. Maji na samaki na muda, basi.

Vifungo nimevitazama kama ulivyoniagiza, na nimenyamaza kama ulivyoniagiza.

Nililifungua kutoka kwenye kamba, nikalishika kifuani, nikazima taa. Sijui kwa nini niliizima, safari hii haikuwa woga. Nadhani sikutaka kumulika usoni pa mtu. Likawa jeusi tena mikononi mwangu. Tukaanza kupanda polepole, maana mzamiaji hapandi haraka, damu yake itachemka. Mahali fulani katikati nikaona jeusi limekuwa kahawia. Nikadhani macho. Tukapanda tena, kahawia ikaanza kuiva. Kabla ya kutoka tunalazimika kusubiri karibu na juu, mwili utoe hewa iliyoingia. Nikasubiri naye pale, nimemkumbatia, jua likipita majini, na wekundu ukawa unarudi wenyewe, kidogo kidogo, hapo hapo mikononi. Sikuutia mimi. Sikuwa na taa, sikuwa na kompyuta. Ni mwaka wa tano sasa narudisha rangi kwa kila njia inayofundishwa, na nilikuwa sijawahi kuirudisha hivyo. Nililia ndani ya miwani, na miwani haina pa kutolea machozi.

Sikulikamua wala sikulifua. Halima amelifunga kwa shuka jeupe. Sikufungua kitu wala sikufunga kitu. Ameniambia nikuletee mwenyewe, nami nimemwambia kuna kazi nyingi. Hakuna kazi nyingi. Kondakta ameahidi kulipakata mapajani, hataliweka kwenye buti.

Nisamehe.

Mwanao,
Fanueli

*

Kifungilo
8 Desemba 2024

Fanueli mwanangu,

Salamu nyingi. Za leo hazina hasira ndani yake. Sote wazima. Matunda damu yameanza kubadilika rangi, ndama ameuzwa, na barabara inapitika.

Kondakta alilileta mpaka mlangoni, akalikabidhi kwa mikono miwili, akakataa chai. Niliwaita Secilia na Zabron tukalifungua jikoni, juu ya meza tunayolia chakula, maana sikuwa na meza nyingine. Rangi yake ilikuwa ile ile. Zabron aliyekuwa akidai mgomba tangu mwaka jana ndiye aliyetoka nje akalia, tukamsikia kutoka bandani.

Vifungo vimefungwa. Vyote, Fanueli. Hata kile cha shingoni.

Wewe umekaa kwangu, unajua. Tangu yuko mdogo nilikuwa nikimfokea: Paskali, funga kifungo cha shingo, kifua chako hicho. Hakukifunga hata siku ya kipaimara. Siku ya ndoa yake nilikifunga mimi, kufika madhabahuni alishakifungua. Alisema kinamkaba. Sasa huko baharini, joto lote hilo la Pwani, alikifunga mwenyewe. Alisikia baridi, mwanangu. Alisikia baridi akanikumbuka, mara moja tu katika maisha yake akanitii. Sijui hili nilifanye faraja au liniue. Siku nyingine ni hivi, siku nyingine ni vile.

Tulizika Alhamisi. Zabron alichimba yeye, hakutaka mtu amsaidie. Mgomba hatukukata. Padri alikuja, na watu wa Bulwa walikuja na kile kitenge chao, nami nilimfunga Secilia kwa mikono yangu. Kanisani alikaa na wajane, wakamsogezea nafasi. Baada ya arobaini atarudi kwao, na mimi ndiye nitakayemfungia mizigo. Nimemwambia akipata mtu asije kuniomba ruhusa, anialike.

Kabla hatujafunika, Secilia aliinama kaburini akataka kukifungua kile kifungo cha juu. Akasema, "Apumue, Mama." Nilimshika mkono. Tukakaa hivyo, watu wote wanatutazama. Kisha nikamwachia, akakifungua.

Siku tatu hizi dirisha halijagongwa. Nakaa macho nasikiliza, nasikia ng'ombe, nasikia upepo kwenye mti wake, basi. Mlango nimeutia komeo kama Zabron alivyotaka. Jana asubuhi nilikwenda kwenye kiti, nikapitisha kiganja, nikaonja. Mbao tu, na moshi. Hapo ndipo nililia, Fanueli, siyo makaburini. Nilikilalia kile kiti mpaka Secilia akaja kuninyanyua.

Sina cha kukusamehe. Uje Krismasi, maharage yapo. Lakini ukifika usiku usigonge dirisha. Simama mlangoni, utaje jina lako kwa sauti, nami nitakufungulia.

Shangazi yako,
Beatha